Kiporo cha petroli: tathmini ya karakana moja ya Mafinga

Mvua zinapokatika Mufindi, mkoani Iringa, na njia za kuingilia mashamba ya misindano zinapoanza kupitika, wenye chenso, yaani misumeno ya injini, huwa na wiki mbili za pilikapilika, kwa kuwa kila mmoja huitoa mashine yake stoo, huvuta kamba mpaka bega likauma, kisha huibeba hadi kwa fundi akiwa amekwisha kumhukumu moyoni mtu aliyemuuzia. Mwezi Mei nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na chenso mbili na mashine moja ya kufyekea majani, zote za injini ya mipigo miwili, na pembeni mwa stoo kulikuwa na madumu matatu yenye jumla ya lita 12 za petroli ambayo nilikwisha kuichanganya na oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili, tangu Novemba, kwa ajili ya kazi ambayo mvua iliikatiza. Tathmini hii inahusu karakana iliyonipokea pamoja na madumu hayo. Nimekwenda hapo mara tatu sasa, na sitaitaja kwa jina, kwa sababu mwenyewe hakuniomba kumtangazia biashara na kwa sababu yapo mambo ambayo nitayalalamikia hapa chini. Anayetaka kufika na awaulize wapasua mbao wa mjini, hatapotea.

Huduma ninayoizungumzia haimo hata kwenye kibao chao. Kibao kinasema matengenezo ya chenso, jenereta na pampu za maji, basi. Lakini ukifika na mafuta ya mchanganyiko yaliyolala, wanayapokea, wanayapima, wanakuambia yapi bado yanafaa na yanafaa kwa injini gani, na yasiyofaa wanabaki nayo kwa malipo kidogo. Huduma ya namna hii ina maana zaidi Mafinga kuliko miji mingi, kwa kuwa jirani yetu ni Shamba la Miti Sao Hill linaloendeshwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na kuzunguka shamba hilo kuna maelfu ya watu kama mimi wenye ekari chache za misindano na mikaratusi, ambao hutumia chenso kwa wiki tatu na kuilaza kwa miezi minne. Mashine ikilala, mafuta yake yanalala nayo, na kiporo cha petroli si kama kiporo cha wali kwamba utakipasha moto asubuhi ukanywea chai.

Baada ya "kamwene" na habari za mashamba, fundi mkuu hakuigusa chenso. Aliniuliza mafuta yalichanganywa lini, yalichanganywa kwa oili gani, na kila dumu lilikuwa la kitu gani kabla halijawa la petroli. Swali la mwisho lilinishangaza, mpaka nilipokumbuka kwamba moja kati ya madumu yale lilikuwa la mafuta ya kula, nililisuuza haraka haraka, na kifuniko chake kilipopotea nikaziba mdomo kwa nailoni na mpira. Alinyamaza kidogo, akaliweka lile dumu pembeni peke yake.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo wowote, na ndiyo maana ninakieleza kwa kirefu, kwa kuwa mtu anaweza kukifanya nyumbani kwake. Wana chupa za kioo zilizokuwa za jemu. Hawamimini kutoka juu ya dumu, bali huzamisha mpira mwembamba mpaka chini kabisa na kuchota kutoka huko, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli na hukaa kwenye kitako, na anayemimina kutoka juu huona mafuta safi, akajidanganya. Chupa zinafunikwa na kuachwa zitulie hadi kesho yake. Asubuhi fundi huzishika kwenye mwanga. Oili za 2T huwekewa rangi na watengenezaji, ya bluu, ya kijani au nyekundu, ili mtu ajue kwa macho kwamba petroli imekwisha kuchanganywa, na rangi hiyo ikiwa bado ipo na mafuta yanapenya mwanga, kuna matumaini. Ikiwa imegeuka kahawia na harufu kali ya petroli imeacha nafasi kwa harufu iliyochacha inayokaribia ile ya vanishi kuukuu, hakuna tena la kujadili.

Dumu langu la kwanza, la lita tano, ambalo lilikuwa limejaa hadi shingoni na kufungwa vizuri, lilipita. La pili lilikuwa na lita tatu tu, maana yake lilikuwa na hewa nyingi ndani kwa miezi sita, na mafuta yake yalikuwa yamebadilika rangi kama chai ya rangi iliyosahauliwa kikombeni. La tatu, lile la nailoni, lilikuwa na lita nne zenye ukungu, na chini ya chupa kulikuwa na tabaka la maji la unene wa kidole. Yote matatu niliyachanganya siku moja, kutoka pampu moja, kwa oili ya chupa moja. Mtu akitaka kujua kwa nini watengenezaji wanasisitiza chombo kinachoziba na kilichojaa, jibu lilikuwa limepangwa pale mezani kwenye chupa tatu za jemu.

Hapo ndipo nilipoleta ubishi, na naona ni haki niueleze kwa sababu wasomaji wengi watakuwa na wazo kama langu. Nilimwambia, "Fundi, hili lililopita si tuliongezee petroli mpya nusu kwa nusu, tuweke na oili kidogo, tulirudishe kwenye chenso?" Akanijibu, "Hapana, mzee wangu. Oili haijapungua hata tone. Iliyokimbia ni petroli."

Jambo hilo ni la hesabu ya darasa la tano, lakini sikuwahi kulifikiria. Mchanganyiko wa moja kwa 50 una mililita 100 za oili katika lita tano za petroli. Lita moja ya petroli ikiruka kama mvuke, zile mililita 100 zinabaki katika lita nne, na sasa una moja kwa 40. Ukiongeza oili juu yake kwa kudhani imechoka, unaizidisha mara ya pili: moshi unaongezeka, plagi inalowa na kuota masizi, na juu ya hayo petroli inayopita kwenye kitundu cha kabureta inakuwa kidogo kwa kuwa sehemu ya nafasi yake imechukuliwa na oili, hivyo injini inachoma moto wenye hewa nyingi kuliko mafuta na kupata joto kali. Aidha, kinachotangulia kuruka ni zile sehemu nyepesi za petroli ambazo ndizo hushika moto haraka wakati wa kuwasha, na ndiyo sababu ya bega langu kuuma. Chenso huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, haina oili nyingine ya kulainisha pistoni isipokuwa hiyo inayokuja na mafuta, na kwa hiyo ndiyo injini ya mwisho ambayo mtu angeifanyia majaribio ya kiporo.

Kisha alifungua kabureta ya chenso ile kubwa, ambayo mimi mwenyewe niliiweka stoo ikiwa na mafuta tangini. Ninakiri kosa hilo bila kumtafutia mtu mwingine. Kiwambo cha mpira kilichomo ndani, ambacho kinapaswa kuwa laini ili kipumue na kuvuta mafuta, kilikuwa kimekakamaa kama ngozi ya ngoma, na kichujio kidogo cha wavu kilikuwa kimefunikwa na utando wa rangi ya asali. Mtu yeyote wa Mufindi angeutambua mara moja, kwa kuwa hauna tofauti ya kuonekana na utomvu unaogemwa kwenye misindano. Petroli inapokutana na hewa kwa muda mrefu hutengeneza utando huo yenyewe, na vitundu vya kabureta ya mashine ndogo ni vyembamba kiasi kwamba hauhitaji kuwa mnene. Kitabu cha maelekezo cha Stihl, ambacho nilikuwa nacho miaka yote hiyo kwenye droo, kinasema mchanganyiko usihifadhiwe zaidi ya siku 30. Wangu ulikuwa na umri wa miezi sita.

Sasa nije kwenye kile ninachokithamini zaidi katika karakana hii, ambacho ni namna wanavyolipangia kazi lile dumu lililopita. Fundi alitoka nje akaikagua pikapu yangu, ya petroli, ya zamani, yenye kabureta, akaniuliza kama bomba la moshi lina kile kichujio cha kusafishia moshi kilichomo kwenye magari ya kisasa. Halina. Akasema nitie lita moja ya mchanganyiko kwa kila lita 20 za petroli mpya, na nisizidishe kwa tamaa. Kwa kiwango hicho, mililita 20 za oili zinatawanyika katika lita 21, yaani karibu moja kwa 1,000, na injini ya mipigo minne haisikii kitu. Nilizimaliza lita tano kwa kujaza tangi mara tatu, na gari halikubadilisha mlio wala halikutoa moshi. Kwa mteja mwingine aliyekuwa na gari jipya, nilimsikia akikataa katakata, akamwelekeza kwenye jenereta yake ya nyumbani, nusu lita kwenye tangi la lita 15. Kuhusu dizeli hakutaka hata kuulizwa: petroli hailainishi pampu ya nozeli kama dizeli inavyoilainisha, na kiasi kidogo tu kinatosha kulifanya tangi la dizeli litoe mvuke unaolipuka.

Mwenye kujua mitaa yetu anajua kwamba ushauri huo una washindani. Mafuta haya kwa kawaida huishia kwenye kuwashia taka, kuoshea vipuri kwa mikono mitupu, kumwagia siafu, au kutupwa chooni. La chooni ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama shimoni, na anayeingia na sigara au kibiriti usiku hana habari ya kilichomwagwa mchana; na shimo hilo hilo mara nyingi haliko mbali na kisima. Wapo pia wanaochanganya kiporo na mafuta ya taa ili kiwe kingi. Taifa zima lilihangaika na uchakachuaji vituoni mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na sisi tunauendeleza wenyewe stoo, bila kulazimishwa na mtu, dhidi ya mashine zetu wenyewe. Mafuta ya taa hupunguza oktani na kuifanya injini igonge, na petroli ikiingia kwenye jiko au taa ya mafuta ya taa, hicho si chombo cha kupikia tena.

Malalamiko yangu ya kwanza ni kuhusu zile lita saba zilizoshindwa. Nilipolipa na kuuliza zinakwenda wapi, nilioneshwa pipa la chuma nyuma ya banda, ambamo humiminwa pia oili chafu inayotolewa kwenye jenereta na pikipiki. Oili chafu hununuliwa. Wapo wanaoipaka mbao na nguzo za uzio ili mchwa wasiguse, na wapo mafundi ujenzi wanaoipaka maboksi ya kumwagia zege. Oili chafu peke yake haishiki moto kwa urahisi. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi ya Mafinga ya mwezi Julai, na kuitia ndani ya pipa hilo ni kumpelekea hatari mtu aliyeshika brashi ambaye hajui kama kuna petroli ndani yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina masharti kuhusu taka hatarishi, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndilo linalosimamia, lakini hata bila sheria, karakana iliyofanya kazi ngumu ya kutenganisha madumu yangu matatu kwa uangalifu haikupaswa kuyakutanisha mabaya na oili ya watu dakika kumi baadaye. Mafuta ya namna hii yanastahili kwenda kwenye moto mkali unaodhibitiwa, kama tanuri la saruji, ambamo klinka, yaani mawe yanayosagwa kuwa saruji, huiva kwa takriban nyuzi 1,450. Hilo nilimweleza fundi kwa adabu. Alinisikiliza, hakujitetea, wala hakuahidi kitu.

La pili ni jiko la mama lishe. Uwanja wa kumiminia mafuta uko nje, kwenye hewa, mbali na upande wa kuchomelea vyuma, na hilo ni jema. Lakini hatua kama nane kutoka hapo kuna jiko la mkaa linalowaka tangu alfajiri, na uwanja wenyewe unateremka kuelekea kwenye jiko. Mvuke unaotambaa ardhini hausomi mipaka ya biashara. Chai yake ni nzuri na chapati zake zina safu, wala simwombei aondolewe. Ningependa tu mmoja kati ya hao wawili ahamie upande wa juu.

Kuhusu bei sina ugomvi. Kipimo ni bure ukitengeneza mashine hapo, vinginevyo ni shilingi 2,000 kwa dumu. Kupokea mafuta yaliyoharibika ni shilingi 500 kwa lita. Kusafisha kabureta na kubadilisha kiwambo nilitozwa 25,000, na kuisafisha tu ile ya chenso ndogo 10,000. Mashine ya kufyekea ilikuwa imekaushwa tangi, ikawaka kwa mvuto wa tatu bila kuguswa. Jumla yangu ilikuwa shilingi 38,500, ukiacha thamani ya lita saba za petroli zilizopotea, ambazo peke yake zinazidi nusu ya fedha hiyo. Hawakunipa risiti yoyote inayoonesha kiasi walichopokea, na kwa kazi hii karatasi ingekuwa na maana.

Kitu kimoja nilipewa bila malipo na sasa nakitumia kuliko vyote: sirinji ya mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano. Sirinji moja iliyojaa kwa lita moja ya petroli ndiyo moja kwa 50 kamili, ambayo Stihl wanaitaka kwa oili yao wenyewe. Kwa oili nyingine za 2T kitabu chao kinataka moja kwa 25, yaani sirinji mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nikipima kwa vizibo vya soda na kuchanganya lita tano kila mara kwa sababu hesabu ya vizibo vya lita moja ilinichosha. Sasa nachanganya lita moja au mbili, za kazi ya siku hiyo, na jioni namwaga kilichobaki tangini kurudi kwenye dumu na kuiacha injini iwake hadi izime yenyewe. Huko Ulaya wanauza mafuta ya alkileti, aina ya petroli safi zaidi, yaliyokwisha kuchanganywa, ambayo hukaa miaka bila kuharibika. Katika maduka ya Mafinga sijayaona, na kwa mkataji wa misindano nadhani sirinji inatosha.

Nilirudi Julai na lita moja na nusu ya wiki sita, nikakuta mtu aliyevuka na chenso yake kutoka Malawi kupitia Kasumulu. Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli kwenye petroli tangu mwaka 1982, na ethanoli huvuta unyevu, kwa hiyo fundi aliyapima mafuta ya mgeni kwa ukali zaidi kuliko yangu, akayamwaga yote. Yangu aliyanusa tu, akasema, "Haya weka kwenye pikapu leo, mzee, usiyalaze tena."

Mara ya tatu ilikuwa Septemba, nilipopeleka mnyororo kunolewa. Nyuma ya banda kulikuwa na mapipa mawili. La pili lilikuwa dogo, lina kifuniko cha kukaza, na limeandikwa kwa rangi nyekundu "PETROLI CHAFU, SI YA KUPAKA MBAO". Sikuuliza kama ni kwa ajili ya maneno yangu. Jiko la mama lishe lilikuwa palepale, na nilipoagiza chai niliomba niinywe nikiwa nimesimama upande wa barabara.